Kabla ya Rangi, Haki: Kununua Nyumba Kuukuu Eastlands



Kila wiki safu hii hulitazama jambo moja la nyumbani, na wiki hii tumelichagua la nyumba yenyewe. Vijana wetu wengi wa Mombasa, Kwale, Malindi na Lamu wamepata kazi Nairobi, wameoa au kuolewa, na wamechoka kulipa kodi mwezi baada ya mwezi bila ya kubakiwa na kitu mkononi. Nyumba mpya haziwafikii kwa bei. Kwa hivyo macho yao yameelekea mashariki ya jiji, kwenye mitaa iitwayo kwa jumla Eastlands, ambako nyumba na fleti zilizojengwa miongo minne au mitano iliyopita huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu zimechakaa. Dari zina madoa ya maji, mabomba yameshika kutu, na ngazi hazijaona rangi tangu wenyewe wa kwanza walipohamia. Vijana wanatuuliza: je, ni busara kununua nyumba ya namna hiyo, kuitengeneza kidogo kidogo, na kuifanya makao ya kwanza?

Jawabu letu ni kwamba ni busara, kwa sharti moja: matengenezo yaanze kwenye karatasi na kwenye haki za watu, kisha ndiyo yafike kwenye kuta. Ukuta mbovu una fundi wake. Haki ya mtu iliyojengewa juu yake haina fundi, nayo hurudi kudai baada ya miaka, pengine wakati watoto wamekwisha kuzaliwa ndani ya nyumba hiyo.

Mitaa haifanani

Anayetoka pwani huiona Eastlands kama mtaa mmoja mkubwa, lakini historia yake ina tabaka. Pumwani ilitengwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makao ya Waafrika, na Majengo yake yalijaa nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ambazo mtu wa Mombasa akiziona hahitaji kuelezwa. Jina la Kariokor, karibu na hapo, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Baadaye baraza la jiji likajenga mitaa ya kupangisha wafanyakazi, nayo ni kama Kaloleni katika miaka ya 1940, kisha Maringo, Jericho na mingineyo. Katika miaka ya 1970 ikaja mitaa ya aina nyingine, iliyojengwa ili iuzwe kwa wakaazi: Umoja, kwa msaada wa Marekani, na Buruburu, kwa mtaji wa shirika la maendeleo la Uingereza liitwalo Commonwealth Development Corporation.

Tofauti hiyo ndiyo ya kwanza kumfaa mnunuzi. Nyumba ya Buruburu au Umoja ina mwenyewe, na mwenyewe aweza kuiuza. Nyumba ya mtaa wa kupangisha ni mali ya kaunti, na anayeishi humo ni mpangaji hata kama babu yake ndiye aliyeingia kwanza. Mitaa ya reli, kama Makongeni na Muthurwa, ilikuwa mikononi mwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Basi mtu akikwambia anakuuzia nyumba katika mtaa wa kaunti, fahamu kuwa anakuuzia ufunguo tu. Siku serikali ya kaunti itakapotaka kuubomoa mtaa ili ijenge upya, kama ilivyofanya kwa mtaa wake wa zamani wa Pangani, aliyenunua ufunguo hatakuwa na hati ya kuonyesha.

Muuzaji ni nani?

Hapa tunaomba tukae kidogo, kwa kuwa ndipo penye uzito wa jambo letu.

Waliozinunua nyumba hizi zilipokuwa mpya walikuwa watu wazima wenye kazi na watoto. Miaka hamsini imepita. Wengi wao wametangulia mbele ya haki, na jina lililo kwenye hati ni la marehemu. Anayekufungulia mlango na kukutajia bei mara nyingi ni mwanawe mmoja, yule aliyebaki mjini. Huenda ni mwema kabisa. Huenda hata yeye mwenyewe anaamini kuwa nyumba ni yake kwa sababu ndiye aliyewatunza wazee. Lakini maneno yake hayaihamishi mali ya marehemu.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki, ameacha mjane, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike. Madeni na gharama za mazishi zimelipwa na hakuna wasia. Nyumba inauzwa shilingi 4,000,000. Kwa mgawanyo uliowekwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mjane ana thumni, nayo ni shilingi 500,000. Zilizobaki 3,500,000 hugawanywa mafungu sita: kila mwana wa kiume mafungu mawili, karibu shilingi 1,166,667, na kila binti fungu moja, karibu shilingi 583,333. Sasa kijana mmoja akiiuza nyumba nzima peke yake, kilicho chake ni chini ya theluthi ya alichokipokea. Zaidi ya theluthi mbili ni ya mamake, ya nduguye na ya dada zake, na mnunuzi ndiye aliyemkabidhi.

Sheria ya nchi nayo imelifunga jambo hili. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamruhusu Mwislamu arithiwe kwa sheria ya Kiislamu, na mashauri hayo husikizwa katika Mahakama ya Kadhi wahusika wanapokubali. Lakini usimamizi wa mali ya marehemu una taratibu zake: lazima pawepo msimamizi aliyepewa hati na mahakama, na ardhi au nyumba haiuzwi kabla hati hiyo haijathibitishwa. Kwa kawaida uthibitisho huombwa baada ya miezi sita tangu hati ilipotolewa. Muuzaji akisema, “Nilipe sasa, mambo ya mahakama tutayamaliza baadaye,” amekwisha kukujibu. Mwambie ayamalize kwanza, nawe utamngojea.

Tunajua kungojea ni kuzito. Dalali atakwambia kuna mtu mwingine mlangoni na fedha taslimu. Mwache. Na hata karatasi zikiwa sawa, tunapendekeza mnunuzi Mwislamu afanye jambo moja ambalo sheria haikumlazimisha: aombe kuwaona warithi wote au azungumze nao kwa simu, hasa kina mama na mabinti walioolewa mbali, awasikie kwa masikio yake kuwa wameridhia na wanakijua kiasi. Dada aliye Tanga au Muscat ambaye hakuambiwa bei bado ana haki katika sebule utakayoketi. Tukumbuke pia kwamba mtoto yatima hana ridhaa ya kutoa. Haki yake hulindwa na msimamizi na mahakama.

Ikiwa mwenye hati yu hai na ana mke, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ya idhini ya mwenzake wa ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 imelisema hilo, na ingawa imewaachia Waislamu nafasi ya kufuata sheria yao katika mali ya ndoa, wakili makini hataacha kuitaka idhini hiyo kwa maandishi.

Karatasi za kutazamwa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hakikisheni, kwa kupitia wakili wenu wenyewe wala si wakili wa muuzaji, kwamba upekuzi rasmi wa hati umefanywa. Kwa Nairobi shughuli hii hupitia mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa mwezi wa Aprili 2021. Upekuzi utaonyesha jina la mwenyewe, na kama nyumba imewekwa rehani au ina zuio la mahakama. Ulizeni kodi za ardhi za kaunti: nyumba kuukuu mara nyingi ina malimbikizo ya miaka, na uhamisho hauendi bila ya cheti cha kuonyesha yamelipwa. Ulizeni pia madeni ya maji na ya stima, kwa sababu mita hubaki ukutani mwenyewe anapoondoka.

Tazameni na muda. Sehemu kubwa ya ardhi ya mitaa hii si milki ya daima. Imekodishwa kwa miaka iliyohesabiwa, mara nyingi 99. Nyumba iliyopewa hati ya miaka 99 mwaka 1975 itafikia ukomo wake 2074. Mtoto atakayezaliwa humo atakuwa hai siku hiyo. Swali la kuiongeza miaka hiyo si la kuachiwa yeye.

Anayenunua fleti ana la ziada. Watu wa Mombasa tunaijua vyema nyumba isiyo na ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, nawe walipa ijara ya kiwanja. Fleti ina shaka inayofanana na hiyo, kwa kuwa vyumba vyako viko hewani. Zamani mnunuzi alipewa hati ya upangaji wa muda mrefu, pamoja na hisa katika kampuni iliyosimamia jengo. Sheria ya Mali ya Sehemu ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo, imekusudia kila mwenye fleti awe na hati ya sehemu yake, pamoja na fungu lake katika ardhi, ngazi, paa na njia, na wenye sehemu wote wawe shirika moja la kusimamia jengo. Basi ulizeni: je, jengo hili limekwisha kubadilishiwa hati? Kama bado, nani anayeishikilia hati kuu, na yuko tayari kuitoa? Na shirika la wamiliki lipo kweli, lina akaunti na vikao, au ni jina tu? Jengo lisilo na wa kukusanya ada ya matengenezo litakutengenezea fleti nzuri chini ya paa linalovuja.

Makubaliano yawe kwa maandishi, yatiwe saini na pande zote mbili mbele ya mashahidi. Makubaliano ya mdomo juu ya ardhi hayasimami mahakamani. Arubuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei, iwekwe kwa wakili na isipelekwe mfukoni mwa muuzaji. Kumbukeni ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani katika miji. Kwa nyumba ya shilingi 4,000,000 ni shilingi 160,000, bila ya kuhesabu wakili na mthamini. Vijana wengi huzihesabu fedha za nyumba wakasahau fedha za njiani.

Fedha zitoke wapi?

Nchini mwetu wenye mikopo ya nyumba ya benki ni wachache mno. Hesabu ya Benki Kuu mwishoni mwa 2023 ilikuwa kama 30,000 tu. Wengi hununua kwa akiba, chama na jamaa. Kwa anayekimbia riba, tangu 2008 zimekuwepo nchini benki zinazofuata sharia, na njia itumikayo sana kwa nyumba ni ushirika unaopungua. Benki na familia huinunua nyumba kwa pamoja, familia ikaishi humo, ikailipia benki ijara ya fungu lake, huku ikilinunua fungu hilo kidogo kidogo mpaka nyumba yote iwe yake. Someni mkataba neno kwa neno: muulize nani hubeba gharama nyumba ikiungua, na hatima ni ipi mkishindwa kulipa. Na jueni kuwa mthamini wa benki huenda akaikataa nyumba iliyochakaa sana. Kukataa huko nako ni nasaha.

Ama fedha za jamaa, hapo pana ugomvi mwingi kuliko benki. Baba ametoa laki tatu, shangazi wa Uarabuni laki mbili, kaka mkubwa amelipa mafundi. Je, ni hiba? Ni karadha? Au ni fungu katika nyumba? Wote wakinyamaza kwa kuoneana haya, kila mmoja ana jawabu lake moyoni, na majawabu hukutana siku ya matanga. Suratul-Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika deni, wala haikuwatoa ndugu katika amri hiyo. Karatasi moja yenye tarehe, kiasi, neno “hiba” au “karadha” au “fungu”, na mashahidi wawili, haivunji undugu. Huulinda.

Sasa twende kwenye kuta

Baada ya hayo ndipo aitwe fundi, naye aitwe kabla ya kununua. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, katika mvua kubwa, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, ndani ya Eastlands hiyo hiyo, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tangu siku ile hakuna udhuru wa kununua ghorofa kwa kutazama rangi. Mlipeni mhandisi aliyesajiliwa atazame nguzo, boriti na msingi. Ufa mwembamba wa lipu si tatizo kubwa. Ufa unaopita mshazari kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni, au nguzo iliyoachia nondo zikaonekana zimeshika kutu, ni tatizo. Tazameni kama ghorofa za juu ziliongezwa baadaye, maana mitaa kama Umoja ilianza na nyumba za chini, na leo ina majengo marefu juu ya viwanja vile vile.

Itembeleeni nyumba zaidi ya mara moja: siku ya mvua, muone paa na dari, usiku, mjue ujirani na usalama, na siku ambayo mtaa huo hauna maji. Nairobi hupokea maji kwa zamu katika mitaa mingi, na mwenye nyumba bila ya tangi hatafua siku ya kufua. Waulizeni majirani, wala msimwulize muuzaji, maji huja siku ngapi.

Mkiisha kununua, fuateni mpango huu katika matengenezo, kwa kuwa kila hatua ikirukwa hubomoa iliyofuata. Kwanza paa, au ubao wa saruji ulio juu yenu, na kila penye kuvuja. Kama paa ni la asbesto, lisikatwe wala kuvunjwa na fundi wa mtaani. Vumbi lake hudhuru mapafu, na kanuni za taka za mwaka 2006 zimeihesabu kuwa taka hatari yenye utaratibu wake wa kuondolewa. Pili, mabomba: ya chuma yaliyooza yatolewe yote mara moja, yawekwe ya plastiki, na bomba la maji machafu linalopita kwa jirani wa chini litazamwe kwa makubaliano naye. Tatu, stima: nyaya za miaka ya sabini hazikutarajia jokofu, mashine ya kufulia na birika la umeme kwa pamoja. Fundi awe na leseni, na waya wa ardhini uwepo. Nne, lipu na unyevu wa kuta, ziachwe zikauke. Tano, sakafu. Mwisho kabisa, rangi na makabati ya jikoni, ambayo ndiyo sote hupenda kuyaanza.

Msibomoe ukuta wowote ndani ya fleti bila ya kauli ya mhandisi, idhini ya wamiliki wenzenu na kibali cha kaunti. Na kama fedha zimekwisha hatua ya tatu, hamieni mkiwa na kuta za kijivu. Familia huishi salama katika nyumba isiyopakwa rangi, lakini haiishi salama chini ya dari inayobeba maji.

Hati yenu nayo itasomwa

Limebaki moja. Kijana na mkewe wakichangia wote wawili kununua, hati iandikwe majina mawili, na waulize ni kwa namna gani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ina njia mbili. Katika umiliki wa pamoja, mmoja akifariki nyumba nzima humwangukia aliyebaki, wala haiingii katika mirathi. Katika umiliki wa mafungu, kila mmoja ana sehemu yake iliyotajwa, nayo hurithiwa na warithi wake, wazazi wake wakiwemo. Njia ya kwanza ina wepesi wake, lakini kwa Mwislamu inaweza kuwanyima wenye fungu fungu lao. Wengi hutia saini karatasi ya kwanza waliyopewa bila ya kujua kuwa walikuwa wakichagua. Mwulizeni wakili, mumwulize na shekhe wenu, kabla ya wino.

Nyumba hizi za Eastlands zinauzwa kwa shida leo kwa sababu wazee waliozinunua walifanya kazi kubwa ya kuzipata, na hapakuwa na wa kuwakumbusha kuacha mambo yake wazi. Anayenunua leo atakuwa mzee kesho. Aiweke hati mahali panapojulikana, alipe kodi ya ardhi kila mwaka, aandike nani alimpa nini na kwa jina gani, ili watakaokuja kuuza au kugawana baada yake wasiitane mahakamani.

Tunamwomba Mola awajaalie vijana wetu makao ya halali yenye utulivu, awape subira ya kungojea karatasi, na awarehemu wale ambao majina yao yangali kwenye hati za nyumba tunazozitamani.

Wabillahi tawfiq.